Mercedes W123: Jinsi ya kutambua chanzo cha hitilafu kabla ya kukaza skrubu

MWENYE Mercedes-Benz ya dizeli ya miaka ya themanini anapochomoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwamba swichi imeharibika. Fundi naye huanza kufungua nyaya chini ya usukani. Mara nyingi wote wawili huwa wamepotea njia, kwa sababu chanzo cha tatizo hilo huweza kuwa kipande cha mpira kilichopasuka ndani ya mlango wa nyuma.

Jambo hilo huonekana la ajabu kwa aliyezoea magari ya kisasa ambayo kila kazi ndogo hufanywa na mota ya umeme. Katika W123 ya dizeli, kufuli za milango, kifaa cha kuzima injini, giaboksi ya otomatiki na breki hutegemea nguvu moja, na nguvu hiyo si umeme. Ni ombwe, yaani hali inayopatikana hewa inaponyonywa na kuondolewa ndani ya paipu. Mafundi wengi huiita vakyumu.

Ndiyo maana gari hili huwagharimu watu pesa nyingi bila sababu. Dalili hujitokeza mahali pamoja ilhali kasoro iko kwingine, na asiyelijua hilo hubadilisha swichi, kisha akarabati giaboksi, kisha anunue busta ya breki, na mwishowe hubaki na gari lile lile lenye hitilafu ile ile.

W123 ilizinduliwa nchini Ujerumani Magharibi mapema mwaka wa 1976 na ikaendelea kuundwa hadi mwanzoni mwa 1986. Karibu magari milioni 2.7 ya aina hiyo yaliundwa. Ya dizeli yalijulikana kama 200D, 220D, 240D na 300D, na ya petroli yalianzia 200 hadi 280E. Uimara wake ulithibitishwa mapema: mwaka wa 1977, dereva Andrew Cowan kutoka Scotland alishinda mashindano ya masafa marefu ya London hadi Sydney akiendesha 280E.

Nchini Kenya, jina la kampuni hiyo liliingia katika lugha na kuzaa neno "wabenzi", ambalo lilitumiwa kwa kejeli kuwataja vigogo waliotajirika baada ya uhuru. Wamiliki wa W123 leo si wabenzi kwa maana hiyo. Wengi ni wastaafu walioyatunza magari yao kwa miaka mingi, watoto waliorithi gari la baba, na vijana wapenzi wa magari ya zamani. Hili ni gari la kifahari ambalo bei yake ya kununua imeshuka, lakini mahitaji yake ya matengenezo hayakushuka pamoja na bei.

Nguvu isiyoonekana

Injini ya petroli hunyonya hewa kupitia mlango mdogo unaofunguka na kufungika dereva anapokanyaga mafuta. Mlango huo ukiwa umefungika, ombwe kubwa hutokea nyuma yake, na magari mengi hutumia ombwe hilo kusaidia breki. Injini za dizeli kwa kawaida hazina mlango wa aina hiyo. Hewa huingia wakati wote bila kuzuiliwa, kwa hivyo hakuna ombwe la kutosha la kuazima.

Kwa sababu hiyo, waundaji waliweka pampu maalumu upande wa mbele wa injini, ambayo kazi yake ni kunyonya hewa tu. Kutoka kwenye pampu hiyo, paipu nene huelekea kwenye busta ya breki. Juu ya paipu hiyo nene kuna vitawi ambavyo paipu nyembamba za plastiki huchomekwa, na paipu hizo husambaa hadi kwenye ufunguo, giaboksi, milango, buti na hata kifuniko cha tangi la mafuta.

Paipu za plastiki zenyewe hudumu sana. Kinachochakaa ni viungo vidogo vya mpira vinavyoziunganisha. Mpira huo hukauka kwa joto la injini, hupasuka, na hewa huanza kupenya. Ufa usiozidi upana wa ukucha unatosha kuvuruga mfumo wote.

Sehemu nyingine dhaifu ni vile vifaa vya kufungia milango. Kila kimoja kina utando wa mpira ndani yake, na hewa ikinyonywa upande mmoja mlango hujifunga. Ikinyonywa upande wa pili, hujifungua. Utando huo ukitoboka, kila mara dereva anapofunga milango hewa huingia kwa wingi katika mfumo.

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji kifaa chochote. Mfumo wa kufuli una tangi dogo la kuhifadhi ombwe, pamoja na valvu ya njia moja inayozuia ombwe hilo lisipotee injini ikizimwa. Gari lenye mfumo mzima linapaswa kuweza kufunga na kufungua milango mara kadhaa baada ya injini kuzimwa. Likishindwa hata mara ya pili, kuna mahali panapovuja. Mtu akitega sikio karibu na kila mlango huku mwenzake akizungusha ufunguo wa mlango wa dereva, mlango wenye kasoro aghalabu hujitaja wenyewe kwa mlio wa hewa kama wa nyoka.

Injini inapokataa kuzima

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche, kwa hivyo kukata umeme hakuizimi. Lazima mafuta yakatwe. Katika W123, dereva anaporudisha ufunguo, valvu iliyo nyuma ya swichi hufunguka na kuruhusu ombwe kufika kwenye kifaa kidogo kilicho kwenye pampu ya dizeli. Kifaa hicho huvuta wenzo wa ndani, mafuta hukatika na injini hunyamaza.

Ombwe likiwa dhaifu, wenzo hauvutwi vya kutosha. Injini huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa, au hukataa kabisa kuzima. Hali hii kwa kawaida huanza polepole: wiki hii injini inachukua sekunde mbili kuzima, mwezi ujao sekunde tano. Mwenye gari anayeona dalili hizo asingoje hadi siku ya kuaibika mbele ya lango la kanisa au maegesho ya soko.

Siku hiyo ikifika, dawa ya papo kwa papo iko chini ya boneti. Kwenye mtambo wa kuendeshea pampu ya dizeli kuna wenzo ulioandikwa STOP. Ukibonyezwa na kushikiliwa, injini huzima. Kila anayeendesha gari hili, pamoja na dereva wa kuajiriwa, anastahili kuonyeshwa wenzo huo mchana, injini ikiwa baridi, kabla hajauhitaji usiku.

Kuchunguza chanzo kunahitaji kifaa kimoja ambacho si ghali: pampu ndogo ya mkono ya kunyonya hewa iliyo na geji. Fundi huchomoa kitawi kimoja baada ya kingine, akakinyonya kwa pampu hiyo na kutazama mshale. Mshale ukisimama tuli, kitawi hicho ni kizima. Ukianza kurudi, uvujaji uko upande huo.

Asiye na pampu ya mkono anaweza kutumia njia ya kuziba. Injini ikiwa inanguruma, kitawi cha kufuli za milango huchomolewa na tundu lake kuzibwa kwa skrubu laini iliyopakwa grisi. Injini ikizimwa na kuitikia mara moja, basi tatizo liko milangoni na si kwenye swichi. Jaribio hili huchukua dakika tano, na ni ajabu jinsi gereji nyingi zinavyoliruka na kuanza kwa kuagiza vipuri.

Ikiwa milango haina kosa, mkondo wa ufunguo hufuatwa. Mahali pa kutazama kwa makini ni kifaa cha kuzimia kilicho kwenye pampu ya dizeli. Utando wake ukipasuka, ombwe huvuta mafuta ya injini kutoka ndani ya pampu hiyo na kuyasambaza kwenye paipu nyembamba. Fundi akichomoa paipu ya ufunguo na kuona mafuta meusi yakidondoka, huwa amepata jibu lake. Baada ya kubadilisha kifaa hicho, paipu zote zilizoingiwa na mafuta zinapaswa kusafishwa, la sivyo mafuta hayo yataendelea kuharibu viungo vya mpira na valvu zingine.

Geji ya Mombasa na geji ya Nairobi

Vitabu vya ufundi hutoa vipimo vya ombwe vilivyochukuliwa sehemu zilizo karibu na usawa wa bahari. Hapa ndipo mafundi wa bara hupotoshwa.

Ombwe si kitu kinachozalishwa na pampu peke yake. Ni tofauti kati ya uzito wa hewa ya nje na hewa iliyobaki ndani ya paipu. Mombasa, uzito wa hewa ya nje ni karibu milibaa 1,013. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni karibu milibaa 830. Kwa geji ya inchi za zebaki, Mombasa kikomo ni karibu 30, ilhali Nairobi hakuna pampu duniani inayoweza kuzidi takriban 25.

Pampu inayosoma inchi 21 Mombasa itasoma takriban 17 Nairobi bila kuwa na kasoro yoyote. Fundi wa Nairobi anayeshikilia kitabu hulaumu pampu nzima, na mwenye gari hununua nyingine ambayo itasoma vivyo hivyo.

Upande wa pili wa jambo hilo ni muhimu zaidi. Kwa kuwa akiba ya ombwe ni ndogo huko juu, uvujaji ambao haukuonekana pwani hujidhihirisha gari likifika Limuru au Eldoret. Si jambo la kushangaza basi gari lililonunuliwa Mombasa likizima vizuri, kuanza kukaidi baada ya safari ya bara.

Giaboksi hulaumiwa bure

Katika magari ya otomatiki, giaboksi hutumia ombwe kujua jinsi dereva anavyokanyaga mafuta. Valvu iliyounganishwa na mtambo wa pedali hupunguza ombwe dereva anapokanyaga zaidi. Kwenye giaboksi, kifaa kiitwacho modyuleta husoma badiliko hilo na kuongeza shinikizo la mafuta ili gia zishike kwa nguvu inayolingana na kazi.

Ombwe lisipofika kwenye modyuleta, giaboksi hudhani dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Gia hubadilika kwa kishindo hata gari likienda polepole, na abiria hutikiswa kana kwamba wamegongwa kutoka nyuma. Ombwe likizidi, hali huwa kinyume: gia huteleza, injini hupaa kwa mlio kabla gia mpya haijashika, na hapo ndipo vibamba vya ndani huungua.

Kosa kubwa ni kurekebisha modyuleta kabla ya kuziba uvujaji. Modyuleta ina sehemu ya kurekebishia iliyofunikwa kwa kifuniko cha mpira, na fundi mwenye haraka anaweza kuizungusha mpaka kishindo kikapungua. Gari hutoka gerejini likienda vizuri. Baadaye mtu mwingine akibadilisha kiungo cha mpira kilichopasuka, ombwe hurudi kwa nguvu yake yote, na giaboksi iliyokuwa imerekebishwa kwa ombwe dhaifu huanza kuteleza. Uharibifu huo haurekebishwi kwa skrubu.

Utaratibu unaofaa huanza na mafuta ya giaboksi. Hupimwa kwa kijiti chake injini ikiwa inanguruma, gia ikiwa P, gari likiwa mahali tambarare na mafuta yakiwa yamepata joto la nyuzi 80 hivi. Kuyapima yakiwa baridi kwa kutumia alama za moto humfanya mtu aongeze mafuta yasiyohitajika. Baada ya hapo hufuata ukaguzi wa ombwe, kisha mtambo wa pedali na kebo inayounganisha pedali na giaboksi, kwani kebo hiyo ndiyo huamua gia zibadilike mapema au kwa kuchelewa. Modyuleta huguswa mwisho, na kwa kuzungushwa kidogo tu kila mara.

Breki

Yote yaliyotajwa hadi sasa ni usumbufu na gharama. Kwenye breki ni suala la uhai.

Busta ya breki hutumia ombwe kuzidisha nguvu ya mguu. Pampu ya ombwe ikifa au paipu nene ikipasuka, breki hazipotei kabisa, lakini pedali huwa ngumu kama jiwe na gari huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Kwa gari zito la aina hii kwenye mteremko wa Mai Mahiu, tofauti hiyo haina mjadala.

Kupima busta ni kazi ya dakika moja. Injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu. Mguu ukiwa bado umekandamiza, injini huwashwa. Pedali inapaswa kuzama kidogo yenyewe. Isipozama, busta haipati ombwe au utando wake umepasuka. Kipimo cha pili ni kuzima injini na kungoja dakika chache: mkanyago wa kwanza unapaswa kuwa bado laini. Ukiwa mgumu mara moja, valvu ya njia moja kwenye paipu nene haishikilii.

Dereva anayeona kwamba injini inachelewa kuzima na pedali ya breki imekuwa ngumu wakati mmoja asitafute makosa mawili. Hapo lawama inaelekea kwenye pampu yenyewe au paipu kuu, na gari halistahili kuendeshwa hadi litengenezwe.

Pampu ya ombwe ina hatari nyingine ambayo wamiliki wa W124, gari lililofuata W123, wanapaswa kuijua. Katika injini za dizeli za silinda tano na sita za gari hilo, beringi ya pampu ya ombwe ikivunjika, vipande vyake vinaweza kuangukia cheni ya injini na kuiharibu injini nzima. Kuifungua pampu na kuikagua beringi ni kazi ndogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Breki ya kuegeshea nayo husahaulika. Magurudumu yote manne ya W123 yana breki za diski, lakini ya nyuma yana pia viatu vidogo ndani ya diski kwa ajili ya kuegesha. Kuirekebisha, boliti moja ya gurudumu hutolewa, na kupitia tundu lake gurudumu la meno hutafutwa kwa tochi na kuzungushwa kwa bisibisi hadi gurudumu la gari likwame, kisha hurudishwa kidogo mpaka lizunguke bila kukwaruza. Kukaza kebo peke yake bila kufanya hivyo ni kujidanganya.

Tapeti zisizopiga kelele

Injini za 240D na 300D zinahitaji kurekebishwa tapeti mara kwa mara, takriban kila kilomita 24,000. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu injini haipigi kelele, na hapo ndipo wanapokosea.

Katika injini hizi, valvu zikichakaa huzama taratibu kwenye viti vyake na nafasi iliyoachwa kati ya kamshafti na valvu huzidi kuwa ndogo. Kwa hivyo injini huzidi kuwa kimya badala ya kupiga makelele. Nafasi ikiisha kabisa, valvu haifungiki sawasawa, kompresheni hupungua, gari huwa gumu kuwaka asubuhi, na valvu ya kutolea moshi huungua kingo. Mwenye gari husifu ukimya wa injini yake hadi siku inapokataa kuwaka kule Nyahururu alfajiri.

Vipimo injini ikiwa baridi ni milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza hewa na milimita 0.30 kwa za kutolea moshi. Injini ya 300D yenye taboi hutaka 0.35 kwa za kutolea moshi. Kazi hii hufanywa kwa spana mbili za namba 14, moja ya kushikilia nati ya kufungia na nyingine ya kuzungusha kifuniko cha juu, pamoja na vile vibamba vyembamba viitwavyo fila geji. Kibamba kinapaswa kupita kwa ukinzani kidogo, si kwa kusukumwa wala kwa kuteleza.

Injini huzungushwa kutoka chini, kwenye nati kubwa ya krankshafti, na daima kuelekea upande inakozunguka ikiwa inafanya kazi. Kuizungusha kwa boliti ya kamshafti ni mtindo ulioenea na ni mbaya, kwani huweza kulegeza boliti hiyo na kuivuta cheni vibaya.

Kifuniko kikiwa kimefunguliwa, ni vyema kukagua cheni. Alama iliyo kwenye kamshafti ikilinganishwa na alama ya mhimili wake, kipimo cha nyuzi kilicho mbele ya krankshafti huonyesha cheni imerefuka kiasi gani. Cheni iliyorefuka huchelewesha valvu na pampu ya dizeli kwa pamoja, na fundi asiyeikagua anaweza kuhangaika siku nzima kurekebisha pampu.

Moshi

Rangi ya moshi husaidia sana. Moshi mweupe asubuhi, unaoambatana na injini kutetemeka, humaanisha mafuta hayaungui: hita plagi moja au zaidi zimekufa, au tapeti zimebana. Hita plagi hupimwa kwa mita ya umeme. Iliyo nzima huonyesha ukinzani mdogo usiozidi omu moja au mbili, na iliyokufa haipitishi chochote. Moshi wa samawati ni mafuta ya injini.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kwa hewa kidogo. Kichujio cha hewa kinafaa kutazamwa kabla ya nozeli, hasa kwa gari linalopita barabara za vumbi. Pia ikumbukwe kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na taboi hutoa moshi zaidi na kupoteza nguvu ikipanda Timboroa hata kama haina kasoro. Kupunguza mafuta ya pampu ili kuondoa moshi huo hulifanya gari kuwa goigoi likirudi Mombasa.

Dizeli yenyewe huweza kuwa chanzo cha matatizo. Plunja za pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Uchanganyaji ulikuwa umekithiri Kenya hivi kwamba mwaka wa 2018 serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwaondolea wachanganyaji faida. Pampu iliyokwisha kulika kwa sababu hiyo haiponi kwa kurekebishwa.

Magari ya petroli

230E na 280E hutumia mfumo wa Bosch uitwao K-Jetronic, ambao hupima hewa kwa sahani inayoinuliwa na hewa yenyewe inapoingia. Sahani ikiinuka, mafuta huongezwa. Hakuna kompyuta, na hakuna cha kusahihisha kosa la fundi.

Hapa pia adui mkuu ni mpira uliopasuka. Hewa ikipenya baada ya sahani, haipimwi, kwa hivyo mafuta huwa machache na injini hutetemeka gari likiwa limesimama. Kuna tundu dogo ambamo ufunguo wa pembe sita wa milimita 3 huingizwa kurekebisha mchanganyiko, na kishawishi cha kuuzungusha ni kikubwa. Anayefanya hivyo huficha ufa na kuongeza matumizi ya petroli. Kwanza mipira yote ya hewa ikaguliwe, kisha plagi na mfumo wa cheche, kisha shinikizo la mafuta lipimwe kwa geji. Ufunguo huo ukitumika, uzungushwe kwa kiasi kidogo mno, na usiachwe ndani injini ikipandishwa mwendo, kwani unaweza kuharibu sahani.

Gari ambalo huwaka vizuri likiwa baridi, lakini husumbua baada ya kuegeshwa nusu saa kwenye jua la Malindi, kwa kawaida linapoteza shinikizo lililopaswa kubaki kwenye paipu. Mafuta hugeuka mvuke. Valvu ya njia moja ya pampu ya petroli na kile kikopo cha kuhifadhi shinikizo kilicho karibu na tangi ndivyo vya kukaguliwa.

Usukani

Usukani uliolegea ni malalamiko ya kawaida, na skrubu iliyo juu ya boksi la usukani hukazwa kabla ya kitu kingine. Kwa kawaida ulegevu huanzia kwingine: bushi za mkono wa upande wa pili, ncha za tairodi, au kiungo cha mpira kati ya nguzo ya usukani na boksi. Mtu mmoja akitikisa usukani huku mwingine akilala chini na kushika kila kiungo kwa mkono, ulegevu huonekana bila kifaa.

Viungo hivyo vikiwa vizima, ndipo nati ya skrubu hulegezwa, magurudumu yakiwa yametazama mbele, na skrubu kukazwa kwa robo ya mzunguko au chini yake. Gari hujaribiwa kila baada ya marekebisho. Usukani ukishindwa kujirudisha wenyewe baada ya kona, skrubu imekazwa kupita kiasi na inapaswa kulegezwa kabla gari halijatoka gerejini.